Kamera Mbili na Macho ya Mama

Hadi leo Tabasamu hajui mama yake alikuwa anajuaje. Ukimwelekezea kamera alitulia, shingo ikanyooka, akakutazama moja kwa moja bila haya wala maringo. Lakini pale pale kidole kilipobonyeza, si mapema wala si baadaye, alifumba macho. Picha ya ndoa yake, macho yamefumbwa. Picha ya kitambulisho ilirudiwa mpaka karani akachoka, akaipokea ile ambayo kope zilikuwa zimeacha ufa mwembamba kama wa mlango uliosahauliwa. Walimpiga picha wa studio na wa mtaani, wakwe, wajukuu wenye simu, na huyu mwanawe anayekula kwa kazi hiyo; wote waliondoka na picha ya mwanamke mzuri aliyelala akiwa amesimama. Kwa miaka mingi lilikuwa jambo la kuchekesha. Kila sikukuu ya familia albamu ilitolewa, watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Kisha daktari akasema jicho la kushoto lina uvimbe kwa ndani, litatolewa Jumatatu kabla uvimbe haujatambaa, na albamu ile haikufunguliwa tena.

Ijumaa ya wiki hiyo, jua lilipoanza kulegea, Tabasamu alikwenda kijiweni na mfuko wa kitambaa. Kijiwe chenyewe kilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi viatu, mahali ambapo kivuli cha jengo jirani hufika mapema. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, na mgeni asiyejua alilikalia mara moja tu. Fundi mwenyewe walimwita Soli. Kulia kwake hukaa Mitambo, aliyetengeneza lifti za maghorofa mpaka akastaafu, na ambaye hadi leo anazungumza kana kwamba kila kitu duniani kinaning'inia kwenye kamba ya chuma. Kushoto hukaa Shangazi Stempu, aliyemaliza ujana wake nyuma ya dirisha la posta. Husema anakuja kupumzisha miguu, ingawa miguu hiyo haina kazi nyingine. Muuza kahawa huegesha jiko lake mbele yao na kunywa nao faida yake. Tabasamu walimpa jina hilo kwa sababu kazi yake ni kuwakataza watu kutabasamu: anapiga picha za pasipoti katika studio ya mtu, na pasipoti haitaki meno.

Alifungua mfuko, akazitoa kamera mbili na kuzilaza juu ya leso.

Ya kwanza ilikuwa kamera kubwa ya kazi, nyeusi, nzito kama tofali, ya zile zenye kioo ndani kinachoruka kila unapopiga. Mpira wa pembeni ulikuwa umebanduka na kubandikwa tena, rangi imetoka kwenye kona hadi chuma kinaonekana. Ya pili ilikuwa ya mfukoni, nyembamba, ya rangi ya fedha, haina hata tundu la kutazamia. Unaitazama kwenye skrini kwa nyuma, basi. Zote mbili zilikuwa za mwalimu wake, mzee aliyemfundisha kazi na kufariki mwezi uliopita. Mjane wake alikuwa amewaita wanafunzi wawili wa mwisho wa marehemu, Tabasamu na mwenzake mmoja, akasema kila mmoja achukue moja ya ukumbusho. Mwenzake, kwa uungwana, akamwambia Tabasamu achague kwanza. Mjane akampa zote mbili akazijaribu, moja airudishe Jumamosi.

— Sasa kinachokusumbua ni nini? aliuliza Soli, mdomo umejaa misumari midogo. Chukua kubwa. Hiyo ndogo hata mimi naweza kuipoteza ndani ya kiatu.

Kwa kazi, Soli alikuwa sahihi, na Tabasamu alilijua hilo vizuri. Kwa kamera ile kubwa angeweza kuondoka kwenye kiti cha pasipoti. Angepiga harusi, mikutano, mahafali. Angekuwa na jina lake mlangoni. Alikuwa amelala nayo usiku uliopita kitandani, upande wa ukutani, na mke wake hakuwa amesema kitu. Lakini hakuja kijiweni kwa ajili ya kazi. Aliwaeleza habari ya Jumatatu. Anataka picha moja tu ya mama yake, macho yote mawili yakiwa wazi, kabla halijatolewa moja; na katika kamera hizi mbili, ipi itampatia?

Soli alitema misumari kiganjani. Muuza kahawa akajaza vikombe bila kuombwa.

Mitambo ndiye aliyeanza, kwa sababu huwa hawezi kuvumilia kitu kilichosimama. Alisema hilo ni suala la mwendo. Kope ni mlango, na mlango wowote una muda wake wa kufunga. Lifti aliyokuwa akiihudumia ilikuwa na mlango mbaya uliokamata watu mikoba, naye aliushinda kwa kuuzidi kasi. Kamera kubwa inapiga mfululizo, tra-tra-tra-tra. Mama atafumba kwenye ya kwanza, atafumba kwenye ya pili, atachoka, ya saba atakuwa wazi.

— Unamjua mama yangu? aliuliza Tabasamu.

— Simjui.

— Hachoki.

Shangazi Stempu akasema hiyo kubwa ndiyo tatizo lenyewe. Inapiga kelele. Yeye amegonga mihuri maisha yake yote, na anajua watu: unapoinua muhuri tu, mteja aliye mbele yako anafumba macho, hata kama barua si yake. Mwili unasikia kishindo kabla hakijafika. Kamera ndogo haina kishindo, kwa hiyo macho hayatakuwa na sababu.

— Na simu, Shangazi? alisema Soli. Simu nayo ina kishindo gani? Wajukuu wamempiga kwa simu, kalala vile vile.

— Simu inang'aa.

— Hata mchana?

Shangazi alikunywa kahawa yake taratibu, kama mtu anayetafuta hati kwenye kabati.

Soli akaona nafasi imepatikana. Akasema wote wanatazama juu na tatizo liko chini. Akina mama wanapokwenda kupigwa picha huvaa viatu vya kutokea, na viatu vya kutokea vinabana. Amevitanua vya mtaa mzima, anajua. Mtu anasimama, anavumilia, anavumilia, na kidole kinapobonyezwa maumivu yanafika kwenye kilele. Mpige peku, alisema, hata kwa kamera ya karatasi, utaona macho kama taa.

Tabasamu alicheka, ingawa hakuwa amepanga kucheka. Akawaambia kwamba picha nyingi za mama yake alipigwa akiwa amekaa nyumbani akifuma masweta ya wanafunzi, na miguuni ana kandambili.

— Kandambili nazo zinakata katikati ya vidole, alisema Soli, lakini kwa sauti ya mtu anayerudi nyuma.

Mitambo akaleta wazo la video: mrekodi, kisha simamisha pale macho yalipo wazi. Tabasamu alikuwa amekwisha kulijaribu. Mama akijua kuna kinachorekodi huinamia sindano zake za kufumia na hainui uso mpaka betri iishe. Basi Shangazi akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba kamera ndogo inaingia mfukoni mwa shati. Mwana anaweza kukaa na mama yake, wakazungumza mambo ya nyumbani, na katikati ya mazungumzo, bila yeye kujua…

— Hapana, Shangazi.

— Kwani ni mama wa nani?

— Ni wangu. Ndiyo maana. Sitamwibia.

Alilisema polepole. Tabasamu aliitazama ile kubwa, akaitazama ile ndogo. Tangu jana alikuwa akihisi kitu bila kukipatia maneno, na sasa kilikuja: kwa kubwa angekuwa anamvamia, kwa ndogo angekuwa anamnyemelea. Mwalimu wake alizoea kusema kwamba mpiga picha ni mgeni kwenye uso wa mtu. Mgeni gani anavunja mlango, na mgeni gani anapitia dirishani?

Shangazi Stempu hakununa. Alimtazama muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo halikufanana na mengine. Akimpiga mtu picha, je, anapumua?

Tabasamu alifikiri. Hapumui. Hakuna mpiga picha anayepumua pale. Ukipumua mkono unatikisika. Mwalimu aliwafundisha hivyo, kuvuta pumzi, kuishika, kubonyeza.

— Ndiyo basi, alisema Shangazi. Mama yako amekusikiliza ukipumua tangu ulipokuwa huna hata meno. Usiku alikuwa anaamka kusikiliza tu kama bado unapumua. Leo unasimama mbele yake, unaacha kupumua. Unataka afanye nini? Anafumba macho akusikilize vizuri.

Muuza kahawa aligeuza uso upande wa barabara. Kwa dakika nzima Tabasamu aliamini kabisa kwamba fumbo la maisha yake limefumbuliwa na mwanamke wa posta.

Ni Soli aliyeliharibu, naye aliliharibu kwa huzuni.

— Shangazi, alisema. Picha ya ndoa. Alikuwa amefumba kwenye picha ya ndoa, na huyu alikuwa hajazaliwa.

Shangazi akafikiri, akasema pengine alimsikia mapema. Walicheka wote, yeye pia, na nadharia ikaanguka chini pamoja na mabaki ya kahawa yaliyomwagwa.

Baada ya hapo mambo yaliharibika. Mitambo alidai kuna watu ambao damu yao ina sumaku na inavuta kioo cha kamera. Soli akapendekeza mama afanyiwe kelele nyuma ya kichwa. Shangazi akasema achorwe tu, mchoraji ana subira. Walizishika kamera kwa zamu, wakazigeuza, wakabishana ipi ingedumu, ipi ina lenzi bora, kama betri ya zamani bado inapatikana. Na kwa jinsi sauti zilivyopanda ungedhani wanaomtakia mema mama wa watu wanataka kupigana kwa ajili yake.

Kwenye kona ya mlango ule, mbali na tundu la kitasa, alikuwa amekaa mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa anapita, kisigino kikang'oka, Soli akakichukua. Tangu hapo alikaa na kiatu kimoja mguuni na mguu mwingine juu ya gazeti, akinywa kahawa yake bila neno. Kiatu kilipomalizika alikivaa, akakikanyagia chini mara mbili kukijaribu. Kisha akamgeukia Tabasamu.

— Samahani, kaka, nimesikia yasiyonihusu. Huyo mama, akishika kamera yeye, hupenda kupiga picha za nini?

Mitambo alimtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Soli. Wote wakamtazama Tabasamu.

Tabasamu alianza kuhesabu anayoyajua. Alijua mama yake anapenda chai ya moto mpaka inachoma, alijua anaogopa ngazi, anamjua kila mwanafunzi wa mtaa kwa kipimo cha kifua chake. Alikuwa ameishi kwa kamera miaka yote ya utu uzima wake, na hakuwahi, hata mara moja, kumwekea mama yake moja mkononi.

— Sijui, alisema.

Mwanamke akatikisa kichwa kwa upole, si kwa kumlaumu, akaaga na kuendelea na safari yake. Hakuna aliyetoa nadharia nyingine. Tabasamu alizifunga kamera kwenye leso na kuondoka huku kahawa yake ikiwa nusu kikombe.

Nyumbani, mama alikuwa sebuleni, mguu mmoja umekunjwa chini yake, anakunja uzi wa bluu kuwa donge. Hakuuliza mfuko una nini. Alimwambia akae upande wa kulia, kwa sababu upande wa kushoto siku hizi ulikuwa na ukungu, na yeye hapendi kuzungumza na ukungu. Tabasamu akakaa. Akazilaza kamera mbili mezani, akamweleza habari ya mjane, kwamba achukue moja na nyingine irudi kesho. Habari ya picha hakuitaja.

— Na mimi nifanyeje?

— Zishike tu, Mama. Uniambie.

Alifuta mikono kwenye kanga. Kubwa aliinyanyua kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto wa watu ampakate. Alitafuta tundu la kutazamia, pua ikagonga nyuma ya kamera, akacheka. Akaiweka kwenye jicho la kulia na kulifumba la kushoto, kama alivyowaona wapiga picha wote wakifanya mbele yake. Alitazama chumba kizima kupitia kule ndani, dirisha, pazia, mwanawe. Kisha akaishusha taratibu mapajani.

— Ni nzuri, alisema. Lakini hii inataka nifumbe jicho moja. Huko mbele nitafumba sana, mwanangu. Nipe hiyo ndogo.

Hiyo ndogo aliishika mbele yake kwa mikono iliyonyooka, akiitazama skrini kwa macho mawili. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya donge la uzi. Ya pili ilikuwa ya dirisha, likawa jeupe tupu. Ya tatu akamgeukia mwanawe, akamwambia akae vizuri, na Tabasamu, ambaye amewakalisha maelfu ya watu kwenye stuli ya pasipoti, hakujua mikono yake aiweke wapi.

— Usijikaze, alisema mama. Ni mimi tu.

Alipomaliza kumpiga, akaitazama picha ile muda mrefu, akaguna kwa kuridhika. Kisha akasimama, akajiegemeza ukutani kwa mkono, akaenda chumbani mbele ya kioo cha kabati. Tabasamu alimfuata. Aliona mwanga unatoka upande usiofaa, aliona kamera imepinda, aliona flashi itajigonga kwenye kioo. Maneno yote ya kazi yalimjia mdomoni kwa mpangilio wake. Aliyameza.

— Toka hapo nyuma, unaniharibia.

Akatoka, akasimama koridoni, akitazama ukuta. Alisikia mlio mdogo wa kamera ya mfukoni, kama mtu aliyebana kidonge kutoka kwenye pakiti. Akasikia mwingine.

Mama alipomwita na kumwonyesha, picha ilikuwa imeinama upande mmoja. Utosi ulikuwa umekatwa. Nusu ya picha ilikuwa ya mlango wa kabati na kanga iliyoning'inia. Studioni angeifuta bila kufikiri. Katikati, juu kidogo ya ile kamera ndogo na vidole vilivyoishika kwa uangalifu, mama yake alikuwa anatazama mbele: jicho la kulia, na jicho la kushoto, yote mawili yako wazi kabisa, ya kahawia, moja lina ukungu kidogo na jingine lina mzaha.

Tabasamu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. 

— Mama, miaka yote ile kwa nini ulikuwa unafumba?

— Mimi? alisema mama, akimrudishia kamera. Nilidhani nyinyi ndio mnachelewa.

Baadaye, wakiwa wamekaa na chai, mama alimuuliza kama yeye mwenyewe, kwa moyo wake, angetaka ipi. Kubwa ilikuwa bado mezani, lenzi yake imeelekea mlangoni. Tabasamu akasema angetaka hiyo ndogo. Mama alimtazama, na alikuwa mama yake tangu siku ya kwanza, kwa hiyo aliona vizuri. Akaupokea uongo ule kama mtu anavyopokea zawadi, kwa mikono miwili, bila kuugeuza kutazama nyuma.

Basi likaamuliwa hivyo: ndogo ibaki, kubwa iende kwa mwanafunzi yule mwingine. Jumamosi asubuhi Tabasamu aliamka kuirudisha, akakuta mama amekwisha kuvaa. Aliyeipeleka kwa mjane ni mama, kwa miguu yake, mkanda shingoni na mkono mmoja umeishika isimgonge kifuani; alisema mtu aliyekupa kitu kama hiki huendi kumshukuru kwa kutuma mtu, na kwamba angependa amtazame mjane yule usoni wakati bado ana macho mawili ya kumtazamia.